Ada Nne za Probox Nyeupe

"Dhamira yangu," Elmi alipenda kusema akiwa ameegemea boneti la gari ambalo si lake, "ni kama Probox. Uijaze utakavyo, haitasema imejaa."

Watu wa yadi walicheka, na yeye mwenyewe akacheka kuwashinda, maana kicheko chake ndicho kilichouza magari. Alikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne chenye C aliyoitaja kana kwamba ni shahada, shati lililonyooshwa pasi mpaka mikunjo ikakata upepo, na ulimi ambao babu zake, walioletwa Isiolo kuwa askari wa Mwingereza wakabaki kuendesha malori, wangeuonea wivu. Aliuza magari yaliyotumika katika yadi ya Mzee Bedan, kando ya barabara kuu, na kila gari lililotoka getini lilimwachia chake. Hakuwahi kumwonea mteja huruma. Hivyo ndivyo alivyojisifu, na mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa tatu hapakuwa na wa kumpinga.

Jumatatu hiyo alitumwa stendi kuchukua taa ya gari iliyoletwa na basi kutoka Nairobi. Stendi ilikuwa inachemka. Wabeba mizigo walitukanana kwa lugha nne bila mtu kukasirika, mafungu ya miraa yalirushwa juu ya vichwa, na ubavuni mwa basi ilikuwa imejipanga mitungi ya manjano ya maziwa ya ngamia, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake shingoni ili mwenyewe aujue. Elmi aliikumbatia taa yake kama mtoto mchanga, akarudi kinyumenyume huku akimtania dereva mmoja, na kisigino chake kikapata mtungi. Kifuniko kikaruka. Maziwa yakamwagikia viatu vyake vya ngozi, meupe, yakinuka moshi wa kuni.

"Warya," sauti ya kike ikasema nyuma yake, "hizo ni lita kumi. Kwani wewe hunywa kwa miguu?"

Akageuka. Msichana alikuwa amevaa jilbabu la rangi ya kutu, kalamu ameichomeka kwenye mtandio karibu na sikio, daftari mkononi, hina ya wiki mbili ikififia vidoleni, na macho yaliyokuwa yakicheka kabla mdomo haujaamua.

"Abaayo, dada yangu, nisamehe. Nitalipa."

"Kulipa utalipa, hiyo hatujadili. Mimi nauliza juu ya miguu."

Elmi, ambaye hajawahi kukosa jibu, alilikosa. Alitazama viatu vyake kana kwamba vingemnong'oneza. Alipolipata alikuwa amechelewa kidogo, lakini akalitoa hivyo hivyo: miguu yake, alisema, ilikuwa na kiu tangu kule malishoni Gotu.

"Umetoka Gotu na hivyo viatu?"

"Nimetoka hapo kwa kona."

Msichana akacheka, na ndani ya kicheko kile Elmi akauza roho yake bila kuulizwa bei. Aliomba namba ya simu ili atume malipo. Akapewa, na onyo juu yake: namba hiyo ni ya kikundi cha maziwa, na simu hushikwa kwa zamu na akina mama kumi na wawili. Alituma pesa. Jioni, kwa kushindwa kujizuia, akatuma na ujumbe wa kumtakia binti wa daftari usiku mwema wenye ndoto za asali. Jibu likaja upesi: "Usiku mwema nawe mwanangu. Maziwa ya leo yamefika salama. Ni mimi Eedo Bisharo, shangazi yake."

Siku tatu hakuonekana karibu na stendi. Ya nne, simu ikalia kwa namba ngeni.

"Ndoto za asali," sauti ikasema. "Eedo amewasomea wote. Mama mmoja ameomba uandike nyingine amtumie mumewe."

"Niue tu."

"Nikikuua nani atatuharibia maziwa? Naitwa Nasteha. Hii ndiyo namba yangu, na hii husomwa na mtu mmoja."

Ikawa mazoea. Simu asubuhi kabla basi halijaondoka, simu mchana yadi ikiwa tupu, simu jioni baada ya swala. Nasteha alimwita "muuza vyuma". Elmi akamwita "susa wangu", kwa jina la yale maziwa ya ngamia yaliyochachishwa, na Nasteha akataka kujua kama anaambiwa amechacha. Hapana, Elmi akamwambia, anaambiwa kadiri anavyokaa ndivyo anavyonoga. Siku ya Idi walitembea pamoja mpaka mwisho wa soko, dada yake mdogo akiwa katikati yao kama ukuta wenye masikio, Nasteha amevaa diraa ya kijani iliyopepea kila gari lilipopita. Hapo Elmi akajikaza akauliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kama akituma wazee wa kwao watapewa chai au watafunguliwa mbwa.

"Sisi hatufugi mbwa."

"Hilo si jibu."

"Si jibu," Nasteha akakubali. "Ngoja nilipike."

Sasa tufike kwenye gari, maana gari ndilo lililoharibu mambo.

Kikundi cha akina mama kilikuwa kikileta maziwa kutoka Gotu na Ngaremara kwa gari la kukodi, na mwenye gari alikuwa na tabia ya kufika saa anayotaka. Jua la huko halisubiri mtu. Siku akichelewa, nusu ya mitungi iligeuka susa njiani na basi la Nairobi likaondoka bila mzigo. Kwa miaka mitatu waliweka akiba ya kununua gari lao wenyewe. Mkopo wa benki hawakuutaka, kwa sababu ya riba. Nasteha, mwandishi wa kikundi, alimpigia Elmi na kumwambia, kwa fahari ambayo haikujificha, kwamba akiba imetimia, na kwamba yeye ndiye amewaambia wote kuna kijana wa kuaminika kwa Bedan.

Elmi alifurahi. Halafu, kwa kuwa alikuwa Elmi, akapiga hesabu. Posa ina gharama zake. Hawezi kutuma wazee mikono mitupu.

Katika yadi ile kila gari lilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza, ya kweli, ilikaa kwenye droo ya Bedan. Ya pili iliandikwa na Beverlyne, karani mwenye kucha za bluu, kadiri mteja alivyoonekana. Probox nyeupe iliyokuwa karibu na geti ilikuwa imemfikia Bedan kwa mia sita na arobaini elfu. Elmi akamsomea Beverlyne nyongeza nne: ada ya faili, ada ya ukaguzi, ada ya kuletwa kutoka Nairobi, ada ya ulinzi wa yadi. Jumla, tisini elfu. Ukaguzi wenyewe ulikuwa Elmi kuipiga teke gurudumu, na mlinzi alilipwa mshahara gari liwepo lisiwepo.

Beverlyne aliinua kalamu. "Hawa si wale wa msichana wako?"

"Andika tu. Watapiga bei chini. Kila mtu hupiga. Nikiwaambia mia sita na arobaini, watasema mia tano na hamsini, halafu Bedan anile mimi. Wakishaondoa tisini, tumefika palepale."

Na hivyo ndivyo alivyoamini, au karibu aamini. Isiolo nzima hakuna anayelipa bei ya kwanza, iwe ya mbuzi, ya kanga au ya gari. Unataja, mwenzako anashika kifua kama amedungwa kisu, anaondoka, unamwita, anarudi, mnakunywa chai, mnapatana. Zile ada nne zilikuwa mafuta ya kukatwa juu ya nyama.

Akina mama walifika Alhamisi saa nne, watano, mashela yao ya rangi yakiifanya yadi ionekane kama ina harusi. Mbele alikuwa Eedo Bisharo, mrefu, mkavu, fimbo mkononi ambayo hakuihitaji. Walilizunguka gari. Mama mmoja wa Kiturkana kutoka Ngaremara, Akolong, aliingia nyuma akalala chali kupima mitungi mingapi itaingia. Kisha Eedo Bisharo akaketi kwenye kiti cha plastiki na kumtazama Elmi usoni.

"Mwanangu, mimi sivutani bei. Marehemu mume wangu aliuza ngamia miaka thelathini kwa njia moja. Muuzaji anataja mtaji wake, mali ilimfikia kwa ngapi, yote, hadi shilingi ya mwisho. Halafu mnunuzi anampa faida yake mchana kweupe, na roho zao zote mbili zinalala. Kwa hiyo niambie. Hii gari imewafikia kwa ngapi?"

Elmi alikuwa ameandaa mizaha kumi na minne ya kupiga bei. Hakuwa na hata mmoja wa swali hilo. Bedan alikuwa kwenye kizingiti cha ofisi akichokoa meno. Beverlyne alikuwa amekwisha kuiweka karatasi mezani. Nasteha alisimama nyuma ya shangazi yake, akimtazama Elmi jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Mia saba na thelathini, Eedo. Hizo ada zimo."

"Ndiyo mtaji wenyewe?"

"Ndiyo."

Elmi alingoja Eedo ashike kifua. Alingoja ainuke, afike getini, aitwe. Eedo Bisharo aligeuka tu, akamwambia Nasteha aandike mia saba na thelathini, mtaji, na ishirini juu yake, faida ya Bedan, kwa radhi. Zilikuwa zaidi ya akiba yao yote. Wakasogea kando wakanong'onezana kwa Kisomali, Kiborana na Kiswahili kwa mpigo, kisha Akolong akasema jambo fupi na wengine wakamshika mabega. Wakarudi, wakalipa.

Nasteha alimweleza jioni kwa simu, sauti imejaa. Mwezi ule ilikuwa zamu ya Akolong kupokea mchango wa kikundi. Alikuwa anataka kuezeka nyumba yake mabati kabla ya mvua. Amesema atangoja, gari kwanza. "Umeona mtu kama huyo? Nilitaka kulia. Halafu Eedo amekusifu njia nzima. Amesema kijana anayetaja mtaji bila kubabaika amelelewa."

"Eh," Elmi akasema.

"Eh tu? Leo mzaha umeisha?"

"Nimechoka, susa wangu."

Siku iliyofuata Bedan alimpa bahasha ya elfu hamsini, fungu lake katika zile tisini. Arobaini Bedan alibaki nazo, juu ya faida. Elmi aliiweka bahasha chini ya godoro, na tangu hapo godoro likawa na jiwe.

Alijaribu kulicheka jambo lenyewe. Alijiambia gari ni zuri, na ni kweli lilikuwa zuri. Alijiambia Nairobi wangewakata mara mbili. Alijiambia pesa hizo mwisho wake zitamrudia Nasteha kama zawadi ya posa, na hapo ndipo akili ilipomgeukia ikamwambia waziwazi: basi unamwibia ili umwoe.

Mvua zikaanza. Wiki ya pili Nasteha alimwomba awasindikize Ngaremara na Probox, asikilize mlio fulani wa gurudumu. Hakupata njia ya kukataa. Mlio haukuwa kitu, jiwe dogo tu. Akolong alitoka kuwalaki, shanga zake shingoni zikilia, nguo yake imelowa mabegani. Alimvuta Elmi kwa mkono aione nyumba. Ndani palikuwa na sufuria tatu, beseni na mtungi mmoja uliokatwa, vyote vikikinga matone.

"Mvua siku hizi haibishi hodi," Akolong akasema akicheka. "Inaingia, inakaa, inalala. Lakini maziwa hayachachi tena, kijana wangu. Mungu akupe watoto." Akamwekea mkononi kibuyu kidogo cha maziwa, zawadi yake, kwa sababu kijana wa magari amewatendea haki.

Elmi alikunywa. Hakujua pa kutazama. Njia ya kurudi Nasteha alizungumza peke yake mpaka Isiolo.

Baada ya hapo alianza kutopokea simu. Akipokea, alisema yuko na mteja. Utani ulikauka. Nasteha alimwita muuza vyuma mara tatu katika simu moja bila kupata jibu, akakata. Kwa kweli Elmi alikuwa akimfuata Bedan kila siku kama kivuli, akiomba zile arobaini zirudi. Bedan alimwambia pesa iliyotoka yadini hairudi, na kama ana huruma nyingi akafungue msikiti. Mwisho Elmi akamkimbilia Beverlyne. Alimpeleka hoteli moja karibu na soko, mchana, akaagiza chai na mahamri, akamsihi azungumze na Bedan yeye, maana mzee humsikiliza. Aliinama mezani. Alimshika mkono. Macho yalikuwa yamemlowa, na chai haikuguswa.

Mlangoni, akiwa na daftari lake, alikuwa amesimama Nasteha. Alikuja kuchukua pesa za maziwa ya hoteli. Hakuingia.

Alimpigia saa kumi.

"Sitapiga kelele," akasema. "Nataka neno moja tu. Ni yule msichana wa yadi?"

Elmi alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake nyuma ya yadi, simu sikioni. Neno la kweli lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa zito kuliko gari. Aliliona likifika kwa Nasteha, kwa Eedo Bisharo, kwa Akolong na sufuria zake. Halafu akaona hili lingine dogo, ambalo Nasteha mwenyewe amemletea, dhambi ya kawaida ya vijana wote wa mtaa wa Bulla Pesa, dhambi ambayo hakuifanya.

"Nisamehe," akasema.

Nasteha alivuta pumzi. "Kumbe hata kukana huwezi." Simu ikakatika.

Elmi alibaki pale, na jambo la aibu kuliko yote ni kwamba kwa dakika moja hivi aliona nafuu.

Dakika ilipokwisha, haikurudi tena. Mwezi mzima alitembea yadini kama mtu aliyeazima mwili. Aliuza magari mawili kwa bei ya droo, Bedan akatishia kumfukuza. Ndipo akampigia Mbae, jamaa anayenunua pikipiki kule upande wa Meru, akampeleka yake aliyoinunua kwa jasho la miaka miwili. Pikipiki ilikuwa na thamani ya sabini elfu. Mbae aliizunguka, akamwona muuzaji wake usoni, akajua ni mwenye shida. Alikubali sabini papo hapo, kisha akaanza kukata: ada ya tairi, ada ya kubadilisha jina, ada ya kuisafisha, ada ya mtu wa kuiendesha mpaka Meru. Zikabaki arobaini. Beverlyne, aliyekuja kama shahidi wa mauziano, alifungua kinywa atete. Elmi akamwambia aache, hizo ada anazifahamu.

Arobaini na ile bahasha ya chini ya godoro, tisini. Alizituma kwa simu ya kikundi. Hapo angeweza kuandika ukweli; herufi zilikuwa zilezile. Akaandika: "Ofisi ya usajili imerudisha ada zilizotozwa kwa makosa. Elmi wa yadi."

Jibu likaja la Eedo Bisharo. Njoo Jumamosi asubuhi, kijana wetu. Tuna shukrani.

Nyumba ya kukusanyia maziwa ilikuwa Bulla Pesa, ukumbi mmoja wa mabati, sakafu iliyooshwa, harufu ya moshi mtamu wa kufukizia mitungi. Elmi alifika kwa miguu, viatu vimejaa tope. Akina mama wote walikuwepo. Akolong alikuwepo, na nyuma ya mlango mabati mapya yameegemezwa ukutani, tayari kwenda Ngaremara. Nasteha alikuwa kwenye meza ya pembeni na daftari lake. Alikuwa amevaa jeusi tupu. Hakuinua uso.

Walimketisha mbele. Walimpa chai ya maziwa ya ngamia, anjera na sukari. Kisha Eedo Bisharo akasema wamesikia pesa tu, hawajasikia hadithi, na mtu hawezi kupigana na ofisi ya serikali kwa ajili ya wanawake maskini halafu anyamaze.

Elmi alikuja akikusudia kusema neno moja na kuondoka. Lakini nyuso kumi na mbili zilikuwa zinamngoja, na kule kwenye meza ya pembeni kalamu ilikuwa imesimama. Ulimi wake, ambao ulikuwa umelala mwezi mzima, ukaamka.

Aliwaambia jinsi alivyopata mashaka juu ya zile ada. Jinsi alivyopanda basi mpaka Nairobi, akapanga foleni, akafukuzwa dirisha la kwanza, akafukuzwa la pili. Jinsi alivyomwambia afisa mmoja mwenye miwani: hizi ni pesa za mama anayekinga mvua kwa sufuria. Akolong alipangusa macho. Afisa naye, Elmi akaendelea, alivua miwani akaifuta, akainuka, akaita mkubwa wake, na mkubwa wake…

"Salaam aleikum, hodi," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa Beverlyne, mwavuli mkono mmoja, bahasha ya khaki mkono wa pili. Bedan alikuwa amemtuma alete logbuku ya Probox, hati ya umiliki, imetoka kwa jina la kikundi. Eedo Bisharo akamkaribisha kwa furaha na kumwonyesha kiti. Nasteha ndipo akainua uso, na uso ule ungeweza kugandisha maziwa.

"Keti, binti," Eedo akasema. "Umefika wakati mzuri. Kijana wenu anatueleza alivyopigana na ofisi ya usajili mpaka ikarudisha ada zetu."

"Ofisi gani?" Beverlyne akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama karani.

"Ya usajili. Hizi ada za faili na ukaguzi."

Beverlyne alimtazama Elmi. Elmi alitazama chai yake. Mvua ndogo ilikuwa inaanza kugonga paa.

"Mama," Beverlyne akasema taratibu, "hizo ada hakuna ofisi ilizitoza. Aliniambia niandike, nikaandika. Kalamu ilikuwa yangu, na mimi nimeshindwa kuomba Mungu sawasawa tangu siku hiyo. Gari iliwafikia kwa mia sita na arobaini. Hizo tisini mlizotumiwa ni pikipiki yake na fungu lake. Mimi ndiye nilikuwa shahidi akiuza."

Akolong, aliyekuwa ameshika kikombe, alikiweka chini kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kulia. Elmi alihisi nyuso zote kumi na mbili zikimwacha moja moja.

Ni Nasteha aliyeongea, akiwa amesimama sasa. Hakumwambia Elmi.

"Na kule hotelini? Alikuwa amekushika mkono."

"Mimi?" Beverlyne alikunja uso. "Dada, mimi niko na mchumba kule Nkubu, fundi wa kuchomelea, hata wivu wake unanimaliza. Huyu alikuwa ananiomba nimbembeleze Bedan arudishe pesa zenu. Alilia mpaka nikaona aibu, watu wakadhani nimefiwa."

Nasteha alikuja polepole mpaka mbele ya Elmi. Alinukia moshi na hina mpya.

"Kwa hivyo yeye si mpenzi wako."

"Si mpenzi wangu."

"Na ukaniacha niamini."

"Niliona ni afadhali uniite malaya kuliko uniite mwizi."

"Wewe ni mwizi."

"Ndiyo," Elmi akasema. Lilikuwa neno dogo, na lilipotoka alishangaa jinsi lilivyokuwa limembana.

Mdomo wa Nasteha ulikuwa umekaza, lakini macho, ambayo siku zote huutangulia mdomo, yalikuwa yamelowa, na hayakuwa yamelowa kwa hasira peke yake. Aligeuka kwa shangazi yake. Eedo Bisharo alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo. Hakukubali wala hakukataa, alifunga tu macho kidogo, kama mtu anayempa mwingine zamu.

Nasteha akavuta kigoda, akaketi mbele ya Elmi, akafungua ukurasa mweupe.

"Hukuniuliza kama wazee wako watapewa chai?" akasema. "Basi sema yote. Kwa mdomo wako, mbele ya Akolong, tangu siku ulipoiona ile gari. Hakuna afisa, hakuna miwani. Ukimaliza bila uongo, nitakujibu. Sikuahidi jibu tamu."

Elmi alimgeukia Akolong kwanza, akamwomba msamaha kwa jina lake. Akolong hakugeuza uso. Kisha Elmi akapangusa viganja kwenye suruali na kuanza. Alieleza droo ya Bedan. Alieleza karatasi mbili. Alieleza posa, na bahasha, na godoro. Sauti haikusimama, na kalamu ya Nasteha ilikimbia nyuma yake mstari kwa mstari.

"Ada ya kwanza," akasema, "ilikuwa ya faili. Faili lenyewe ni la shilingi hamsini pale kwa duka la vitabu. Mimi nikamwandikisha Beverlyne elfu tano."

Beverlyne akakohoa.

Kalamu ikasimama. Elmi alifumba macho.

"Elfu nane," akasema.